Mgombea Mwenza: Mwongozo kwa Anayepanga Kupita Makandana

Hongera kwa kuteuliwa, mheshimiwa. Fomu umechukua, wadhamini wamepatikana, na wimbo wa kampeni unapigwa hadi kwenye bajaji. Limebaki jambo moja ambalo washauri wako wanasema litakuongezea mvuto nchi nzima: mtu wa kusimama pembeni yako kwenye bango. Ushauri huu unatoka Makandana, kata ya mji wa Tukuyu wilayani Rungwe, ambako misafara ya wagombea hupita ikitoka Mbeya kuelekea Kyela. Wagombea wenza tumewaona. Tusikilize kidogo.

Washauri watakuja na ramani. Mmoja atazungushia kalamu Kanda ya Ziwa, mwingine Kaskazini, wa tatu ataikumbuka Nyanda za Juu Kusini chai ikishapoa. Ikunje ramani hiyo. Nusu ya kazi ilishafanywa na Katiba: Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, Makamu wake anatoka upande wa pili. Kama wewe ni wa Bara, mwenzako ni wa Visiwani, na hapo mjadala wa kanda umekwisha. Zamani hata kuchagua hakukuwapo, kwa sababu Rais wa Zanzibar alikuwa Makamu kwa cheo chake. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 wakubwa wakajiuliza itakuwaje siku Zanzibar ikienda kwa chama kingine, na ndipo kufikia uchaguzi wa 1995 tukapata huyu anayeitwa mgombea mwenza.

Utasema: basi nitachagua kisiwa. Vizuri. CCM ilishachagua. Mwaka 1995 Benjamin Mkapa alisimama na Dk. Omar Ali Juma, mtu wa Wawi, Pemba. Alipofariki Julai 2001, nafasi ikaenda kwa Dk. Ali Mohamed Shein, Mpemba pia, ambaye mwaka 2005 akasimama na Jakaya Kikwete. Kwa hesabu za mvuto Pemba ilipaswa kulainika. Lakini katika uchaguzi uleule wa 1995 chama cha upinzani cha CUF kilizoa viti vyote 21 vya Pemba katika Baraza la Wawakilishi. Kisiwa kilimheshimu mtoto wake aliyekuwa kwenye bango la Mkapa, kisha kikampigia kura Maalim Seif wa CUF, naye mtoto wa hapohapo. Anayekwambia kwamba mtu huja na kura za kwao mfukoni, muulize alikuwa wapi mwaka ule.

Faida nyingine ya nafasi hii ni kutuliza mioyo. Mwaka 2010 Dk. Mohamed Gharib Bilal alitaka kugombea urais wa Zanzibar, chama kikampa Shein aliyekuwa Makamu wa Rais. Bilal akawa mgombea mwenza wa Kikwete. Viti viwili, watu wawili, na hakuna aliyerudi nyumbani mikono mitupu. Sisi wapiga kura tulishirikishwa Oktoba.

Na kama chama chako hakina mtu, azima kwa jirani. Mwaka 2015 vyama vya upinzani vya UKAWA vilimsimamisha Edward Lowassa kupitia CHADEMA, lakini mwenza aliyetakiwa, Juma Duni Haji, alikuwa kiongozi wa CUF. Sheria inataka wote wawili wawe wa chama kimoja. Ikabidi mzee Duni ahame chama na kuchukua kadi mpya ili awe mwenza. Lowassa alipata karibu asilimia 40 ya kura, na Duni baadaye akaendelea na safari yake hadi uenyekiti wa ACT-Wazalendo. Kwa hiyo hakikisha uliyemwazima anajua tarehe ya kurudishwa.

Sasa tuje kwenye ziara. Usimlete mtu wa pwani Tukuyu mwezi Agosti kwa shati la mikono mifupi. Mji uko juu, ukungu unashuka kutoka mlima Rungwe bila kupiga hodi, na mvua za hapa hazina habari na ratiba ya Tume ya Uchaguzi. Mwenza anayetetemeka jukwaani haongezi mvuto. Anaongeza huruma, na huruma haijazwi kwenye karatasi ya kura. Mnunulieni koti Uyole kabla hamjakata kona.

Mfundisheni salamu ya Kinyakyusa garini. “Mughonile” inatosha, na akishangiliwa amalizie kwa “ndaga fijo,” yaani asante sana. Asiende mbali zaidi. Kila mgombea aliyewahi kushika kipaza sauti hapa amesema “ndaga fijo,” na kila mara uwanja umelipuka, kisha watu wamerudi nyumbani kumpigia kura yule waliyekuwa wamemkusudia tangu Juni. Akipewa mbalaga, ndizi zetu za kupika, ale, asiulize imepikwaje mbele ya kamera.

Tatizo huja kwenye hotuba. Mara nyingi huwa mmemwandikia moja ya kuzunguka nayo mikoa yote, yenye mwani, karafuu na uchumi wa buluu. Hapa bahari ya karibu ni Ziwa Nyasa, na lenyewe ni la Wakyela. Mwenye shamba la chai aliyesimama juani tangu saa nne anataka kusikia bei ya kilo ya jani bichi na siku ya malipo. Wa maparachichi anataka kujua nani anapanga daraja la tunda lake. Wa viazi ana neno moja tu, lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo. Wala msimtume aje kuahidi kupanda miti kwa kuwa Ofisi ya Makamu wa Rais imekaa na Mazingira miaka mingi. Miti tunayo. Jirani zenu wa Dodoma ndio waahidiwe.

Tazama pia afya yake, na hapa naacha utani. Oktoba 2005 Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa Freeman Mbowe wa CHADEMA, alifariki siku chache kabla ya kura. Wengi huku walikuwa hawajawahi kulisikia jina lake. Uchaguzi wa Muungano wote ukasogezwa kutoka Oktoba 30 hadi Desemba 14. Mtu aliyekuwa amewekwa pembeni mwa bango aliisimamisha nchi nzima.

Ukiona masharti yetu yanabana, vuka Namanga. Kenya hakuna Muungano wa kugawana, kwa hiyo wenzetu huhesabu makabila mchana kweupe. William Ruto alimchukua Rigathi Gachagua Mei 2022 kwa ajili ya kura za Mlima Kenya. Kufikia Oktoba 2024 Bunge la Taifa na Seneti vilikuwa vimemng'oa. Kura zilifika, ndoa haikufika.

Kwetu Rungwe tumekuwa na kaugonjwa ketu ka kungoja nafasi hii. Mwaka 2005 pale Chimwaga, Profesa Mark Mwandosya, mtu wa huku kwetu, alifika tatu bora za CCM za kuwania urais pamoja na Kikwete na Dk. Salim Ahmed Salim. Hesabu ilikuwa nyepesi: akishinda Salim, mwenza lazima atoke Bara. Akashinda Kikwete, na mlango wa Bara ukafungwa kwa miaka 20. Ulifunguliwa Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan aliposimamishwa pamoja na Dk. Emmanuel Nchimbi, aliyepata kuwa Mbunge wa Songea Mjini. Tukiinyoosha ramani vizuri, Songea ni Nyanda za Juu Kusini. Tumeinyoosha.

Lakini mlango huo ulifungukaje? Hapa ndipo washauri wako wote wanaponyamaza. Mwaka 2015 Samia alipotajwa kuwa mwenza wa John Magufuli, mazungumzo yalikuwa kwamba ni mwanamke, ni Mzanzibari, atavuta kina mama. Ibara ya 37 ya Katiba ilikuwepo siku hiyohiyo, ikisema Rais akifariki Makamu anaapishwa na kumaliza kipindi kilichobaki. Hakuna uchaguzi mdogo wala kurudi kwenye kura za maoni. Machi 17, 2021 Makamu alilitangazia taifa msiba wa Magufuli. Machi 19 alikuwa ameapishwa.

Ndiyo maana, mheshimiwa, tunakuomba ukifika Tukuyu usimpe mwenzako dakika tano za kutoa salamu huku fundi mitambo akijaribu spika. Nanyi ndugu zangu wa Makandana, akimaliza “ndaga fijo” yake msikimbilie kofia na fulana. Muulizeni, akiamka keshokutwa yeye ndiye Rais, jani bichi la chai atalifanya nini.