Mtungi Wenye Gauni

Ndugu yangu mwenye mke anayependa nyumba ipendeze, pole sana, na wewe nipe pole yangu. Mama Kulwa hawezi kuona kitu kimekaa kitupu. Redio ina kitambaa cha kufuma, friji ina kitambaa cha kufuma, mikono ya makochi imevishwa, hata rimoti imeshonewa mfuko wenye lesi. Watoto wamempa cheo cha Waziri wa Mapambo, na cheo kimemkaa. Basi gesi ilipoingia nyumbani kwetu hapa Ngokolo, mimi nilikuwa nawaza bei ya kujaza. Waziri aliuzunguka ule mtungi wa kilo 15, akautazama juu hadi chini, akatoa uamuzi: "Baba Kulwa, huyu mgeni hana nguo."

Akaushonea gauni. Kitenge cha maua makubwa, rinda chini, lastiki shingoni. Nikasema gauni sawa, ila shingo ibaki wazi, mkono ufike kwenye koki bila kupapasa, na mtungi usogezwe mbali na jiko kadiri mpira unavyoruhusu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini ikatokomea. Inatambaa sakafuni, inajikusanya kwenye kona, inasubiri cheche. Ile harufu mbaya unayoisikia imetiwa makusudi, kwa sababu gesi yenyewe hainuki, na ukishaisikia unatakiwa ufunge koki hapo hapo, siyo kwanza uvue mtu gauni. Waziri akakubali. Mtungi ukabaki na gauni la mabega wazi, jambo ambalo Mayu alilitolea hotuba nzima ya maadili.

Mayu ni mama yangu mzazi. Alitoka Kishapu kuja kutusalimia, na salamu hizo bado hazijaisha. Jina lake la ndani ni Mkaguzi Mkuu, maana hakuna sufuria inayofunikwa humu bila yeye kuifunua. Gesi hakuipokea vizuri. Kwake moto usio na moshi ni moto unaoficha jambo, na anashikilia kwamba michembe ikipikwa kwa gesi inaiva nje tu. Ukijaribu kumweleza habari za miti, umejitafutia jioni ndefu. Ameishi Shinyanga ilipokuwa imebaki nyeupe. Mwingereza alifyeka mapori ili kuwafukuza mbung'o, likaja jembe la pamba, ikafuata mifugo na mkaa, hadi kina mama wakawa wanapikia mavi ya ng'ombe na mabua. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza mwaka 1986, watu wa rika lake ndio waliorudi kutenga ngitili, yaani malisho yaliyofungwa, wakazuia ng'ombe, majani na migunga ikachipua yenyewe. Kwa hiyo ukimwambia gesi inaokoa miti, anakujibu kwamba miti aliiokoa yeye, wewe ulikuwa unanyonya.

Doto, ambaye tunamwita Bwana Swali, alimsomea bibi yake kwamba Mei 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Mayu akauliza asilimia ngapi watabaki. Doto akasema 20. "Basi mimi nimo humo," akasema Mayu, akaendelea kuchambua mboga yake ya nsansa.

Nimetoka nje ya njia kidogo. Narudi ukutani.

Gauni lilipokamilika, macho ya Waziri yalihamia kwenye ukuta nyuma ya jiko. Ukuta ulikuwa wa plasta na rangi ya maji, umeshapata madoa ya mafuta. Akaenda sokoni, akarudi na stika za plastiki zenye picha ya vigae vya bluu, zimeandikwa kwamba hazishiki mafuta. Hilo la mafuta ni kweli. La joto hakuliuliza wala muuzaji hakuligusia. Zikabandikwa, na lazima niseme, jiko lilipendeza hadi jirani akaja kupiga picha.

Sasa kuna jambo la moto wa gesi ambalo kila nyumba ingepaswa kulijua kabla ya kupamba. Sufuria ikiwa pana kuliko mafiga yake, miali haiishii chini ya sufuria. Inalamba kingo na kutoka pembeni, na ukuta wa nyuma ndio unaoipokea. Plastiki ya stika za aina ile inaanza kulegea hata kabla joto halijafika nyuzi 100. Kulwa alikuwa anakaanga sato kwenye lile karai letu la sherehe. Kwanza stika ya katikati ikatoa malengelenge. Halafu kona yake ikabanduka, ikajikunja kama ulimi wa ng'ombe, rangi ya bluu ikageuka kahawia, na tone moja jeusi la plastiki likaanguka kwenye mafuta. Ile harufu ililala nasi. Sato wakatupwa, Shija, mdogo wao Kulwa na Doto, akalia kwa ajili ya kichwa cha samaki alichoahidiwa, na sote tukanywa chai ya rangi kwa mihogo. Waziri hakusema neno, na mwenzangu unajua kimya cha mke kina gharama gani.

Wakati huo ndipo alipoingia Shemeji Karasha. Ni kaka wa Mama Kulwa, yuko Geita kwenye uchimbaji mdogo, na jina hili tumempa kwa sababu mbili. Ya kwanza, anafanya kazi kwenye karasha, ile mitambo ya kusaga mawe ya dhahabu. Ya pili, mpe mahindi ya kuchoma ukae pembeni usikilize. Alikuja na basi kupitia daraja la Kigongo na Busisi, lile lililofunguliwa Juni 2025, na kabla hajakaa alikuwa ameshatueleza jinsi basi linavyokatiza ziwa bila kusubiri kivuko. "Mwadila mayu!" akapiga magoti. Mayu akayeyuka. Huyu kijana anaweza kumaliza hata mboga ya kesho, bado ataitwa mwenye adabu.

Shemeji aliusikiliza msiba wa stika, akacheka, akafungua begi. Ndani kulikuwa na mawe meupe ya kung'aa, yale ambayo mishipa ya dhahabu ya Geita hupita ndani yake. Na hapo Bwana Swali akaleta simu. Alikuwa ameona majiko ya gesi ya kuotea moto sebuleni huko Uingereza, ambako baridi ni baridi kweli, moto unawaka katikati ya magogo na makaa ambayo hayaishi. Ni mapambo. Yametengenezwa kwa nyuzi za kauri zilizobuniwa kuhimili miali, na kila kipande kina mahali pake. Waundaji wanakataza kuhamisha hata kimoja au kuongeza kingine, kwa kuwa moto ukizibwa hewa unakuwa wa njano, unatoa masizi, na pamoja na masizi inatoka monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu ambayo huua watu usingizini. Doto alisoma hayo yote kwa sauti. Mjomba wake alisikia neno "mapambo" tu.

Akapanga mawe yake kuzunguka kichwa cha jiko, akawasha. Kwa muda mfupi palikuwa pazuri, miali ya bluu ikicheza kwenye mawe meupe, Waziri akaanza kutabasamu. Kisha paa! Kipande kikaruka hadi kwenye ndoo ya maji. Paa ya pili ikapiga kioo cha kabati. Mawe hayo ya kwatzi yakifika nyuzi 573 yanabadilika umbo la ndani na kutanuka ghafla, na yakiwa na unyevu kwenye nyufa ndiyo kabisa. Nilizima koki, nikayatoa yote nje, na kwa hili sikutaka mjadala na mtu. Mawe yaliyopita mwaloni, kunakochenjuliwa dhahabu, yanaweza kuwa na zebaki. Zebaki inachemka kwenye nyuzi 357, na moto wa jikoni unazipita mbali. Watu wa Geita wanaochoma dhahabu kwenye vibanda vyao wanauvuta ule mvuke kila leo, unaharibu figo, unatetemesha mikono. Shemeji mwenyewe anawafahamu. Alinyamaza, akakubali, akaomba chai.

Mayu alikuwa ameketi mlangoni muda wote. "Mmeleta vitu ambavyo havijawahi kuchomwa," akasema. "Mnataka vijifunzie ukutani kwangu?" Utaona kwamba ukuta ulishakuwa wake.

Siku iliyofuata nyumba iligeuka kiwanda. Shemeji alitumwa mbugani kuleta udongo wa kufinyangia. Mayu akachukua chungu chake kilichopasuka, kile nilichodhani amekisahau, akakitwanga kwenye kinu hadi kikawa chenga, akachanganya na udongo na kuukanda kwa visigino. Chenga hizo ndizo zinazoufanya udongo ustahimili moto bila kupasuka, kwa kuwa zenyewe zimeshaungua. Akakata vigae vya kiganja kimoja. Juu ya kila kigae akaviringisha gunzi la mahindi, likaacha safu za vishimo vidogo, zingine zimelala, zingine zimesimama. Waziri alisogea taratibu, akaomba gunzi, na kabla ya jua kuzama walikuwa wanabishana kuhusu upana wa pindo kwa furaha niliyoikosa tangu kipaimara cha Kulwa.

Vigae vilikaushwa kivulini hadi vikalia vikigongwa. Nikahamisha mtungi na gauni lake upande wa pili wa nyumba, kwa amri yangu pekee iliyotiiwa mwaka huu, kisha vikachomwa uani kwa kuni na mavi makavu ya ng'ombe. Ndiyo, kuni. Moshi ulijaza mtaa, na Mkaguzi Mkuu alionekana mwenye afya kuliko kawaida. Fundi akavipachika kwa saruji, akaacha nafasi ya kutosha kati ya jiko na ukuta.

Karai la sherehe limewekwa tena, sato amekaangwa, vigae vimepata moto na kupoa, hakuna kilichobanduka. Ila Waziri ameona rangi ya silva ambayo mafundi wa bodaboda hupaka kwenye ekzosi, inahimili joto la mamia ya nyuzi, naye anaitaka kwenye pindo. Mayu anataka chokaa nyeupe. Wamekubaliana jambo moja tu, kwamba dirisha la jikoni linahitaji pazia refu la kitenge kilekile cha mtungi. Nimewaeleza kwamba dirisha liko kando ya moto. Wamenisikiliza vizuri, wakanipa futi kamba nikapime.