Uhuru wa Mpangaji
Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji wa Dar es Salaam yuko huru kabisa: huru kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na ada ya dalali juu yake, ingawa mshahara wake huja mwezi kwa mwezi. Wenye nyumba hujitetea kwamba wapangaji hutoroka na deni. Kweli wapo, lakini kwa hao dhamana ya mwezi mmoja ingetosha. Kule Nemba, Biharamulo, kodi hiyo ya miezi sita ingepata tofali za kuchoma za kuanzia ukuta. Mjini, ukiilipa Januari, inapata ruhusa ya kulala hadi Juni. Waheshimiwa mawaziri, ninyi mnaolala nyumba za serikali, leteni sheria mpya bungeni.