Noah ya Nyumbani na Matairi ya Kaka

Pale kwetu Mungaa, gari letu la Noah ndilo linalobeba kila kitu cha ukoo: magunia ya alizeti kwenda kukamuliwa Singida mjini, Bibi kwenda hospitali, kuku wa mnadani, wageni wa msiba. Kwa hiyo usukani wake ulipoanza kutangatanga, halikuwa jambo la dereva peke yake. Lilijadiliwa sebuleni, likajadiliwa jikoni, na kila mtu akawa na mchawi wake.

Baba alilaumu barabara. Lami ya Ikungi kwenda Singida, alisema, imeinamishwa pembeni ili maji yatiririke, nasi tunaopita kushoto lazima tuvutwe kushoto. Kuhusu lami alisema kweli. Lakini gari letu lilikwenda kushoto, likaenda na kulia, na kwenye njia ya changarawe ya kuja nyumbani ilibidi dereva aukate usukani kidogo kidogo muda wote, hata paliponyooka.

Kaka alilaumu matairi. Ya mbele yalikuwa yamelika upande wa ndani mpaka vipara, na hilo halikuhitaji fundi kulionyesha. Alipouza alizeti iliyobaki ghalani akarudi na mawili ya mtumba, manene, yenye meno makubwa. Yaliyotoka yalikuwa 195/65 R15. Haya yalikuwa 215/65 R15. Upana umeongezeka milimita 20, na kwa kuwa hiyo 65 ni asilimia ya upana, ubavu nao umepanda. Kona kali ikikatwa, tairi linakwaruza plastiki ya ndani ya bodi. Mama akainama na tochi, akasoma namba nne za ubavuni: 2213, yaani wiki ya 22 ya mwaka 2013. Meno yapo, mpira umeshakauka.

Mvua zilipoanza, malori yakachimba mifereji miwili njiani, na yale matairi mapana yakawa yanaifuata yenyewe. Jioni moja Baba alikuwa anarudi na Shangazi, nyuma kuna ndoo ya lita 20 ya mafuta ya alizeti. Ng'ombe wakakatiza. Baba akakata kulia, gari halikuitika. Akaongeza, likaitika lote kwa mkupuo, likatoka kwenye mfereji na kuingia shamba la mtama la jirani. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu mpaka leo, maana njia ile ile wanafunzi hutembea pembeni yake asubuhi na jioni. Mafuta yalimwagika juu ya mablanketi ya Shangazi, na mtama tukaulipa.

Usiku ule Baba na Kaka hawakusemeshana. Aliyefungua njia ni Bibi, ambaye macho yake yamepungua nguvu. Aliomba aletewe moja la matairi ya zamani, akapitisha kiganja juu yake kutoka ndani kwenda nje, kisha akarudisha. "Huku inateleza," akasema, "huku inanikwaruza." Nami nikapapasa. Kingo za meno zilikuwa zimenolewa upande mmoja kama msumeno. Tairi linalokwenda mbele sawasawa haliliki hivyo. Hilo lilikuwa likiburutwa kiubavu kilomita baada ya kilomita.

Fundi alipokuja alianza na "Shikamoo Bibi", akasikiliza habari ya kiganja mpaka mwisho, ndipo akapiga jeki. Akashika gurudumu la kushoto kwa mikono miwili, kushoto na kulia, akalisukuma na kulivuta. Likagonga: tok. Akashika juu na chini, kimya. Bolijointi na bearingi bado nzima. Kisha akaniambia niweke vidole kwenye tairodi endi, jointi inayopeleka mzunguko wa usukani kwenye gurudumu, huku Kaka akiutikisa usukani. Nilisikia kichwa cha ile jointi kinacheza ndani ya kikombe chake kwanza, halafu ndipo gurudumu likageuka. Mpira wa kuzuia vumbi ulikuwa umechanika, grisi imekwisha, mchanga wetu wa Mungaa umefanya kazi yake.

Basi matairi yalilika kwa sababu ya jointi, na matairi mapana yakaipa jointi hiyo iliyochoka mzigo mkubwa zaidi. Pawa stelingi nayo iliufanya mkono wa dereva usikie wepesi tu, usisikie pengo lililokuwa linakua. Ningependa kila nyumba yenye gari la mtumba ilijue hili kabla ya kununua tairi hata moja.

Tulibadilisha tairodi endi zote mbili, tukarudi kwenye 195/65 R15, mapya safari hii, tukapeleka gari mjini kufanyiwa alaimenti, maana ukifungua jointi hiyo ule mwelekeo wa magurudumu huvurugika. Baada ya hapo usukani ulirudi wenyewe katikati ukitoka kwenye kona.

Manene ya Kaka bado yanasubiri mteja. Funguo zinakaa kwa Mama. Kabla ya safari humtuma Kaka kulala chini ya gari na tochi, na hamkabidhi mpaka amwambie ile mipira miwili ya vumbi iko nzima.