Kabla Hujafungua Supamaketi Karavia, Shuka Kwenye Jeep

Patron, umetumwa Lubumbashi uangalie kama Karavia panafaa duka kubwa la mnyororo wenu, na kama watu wa hapa wataagiza nyanya kwa simu. Kazi ya kwanza ni kushuka kwenye jeep. Ukipita Route du Golf vioo vimefungwa, utaona hoteli kubwa ya Karavia, majani ya uwanja wa gofu, maji ya ziwa, na kuta. Utahesabu mageti, utazidisha kwa dola, na jioni utakuwa na tarakimu ya kuwafurahisha waliokutuma. Tarakimu hiyo imehesabu kuta, na kuta hazili.

Rudi kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, kwa miguu, usimame palepale unapotaka kujenga. Utawaona wanaoingia: wapishi, wafua nguo, watunza bustani, waashi, walinzi wa mchana wanaokuja kuwapokea wa usiku. Saa kumi na moja jioni watatoka kurudi kwenye komini za Katuba, Kenya au Kampemba, na hapo ndipo kila mmoja anapoanza kuwaza bukari, ugali wa huku, itapatikanaje nyumbani. Nyuma ya kila geti kuna familia moja na watu kadhaa wanaoifanyia kazi. Familia hununua kwa orodha, dereva akisubiri. Hao wengine hununua kila siku: mkate, kipande cha sabuni, mafuta ya leo, unga wa leo. Chora safu mbili kwenye daftari lako, moja ya magari, nyingine ya miguu. Kama umekuja na mpango wenye safu moja tu, usifungue.

Na usijidanganye kwamba anayenunua kidogokidogo hajui kupanga. Mji huu uliwahi kula kwa magunia. Union Minière, iliyoanzishwa 1906, iliwapa wafanyakazi wake posho ya chakula pamoja na mshahara, na Gécamines iliyorithi migodi iliendelea kuwapa watu wake unga kwa gunia. Mwaka 2003 ulipoanza mpango wa kuwaondoa zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines kwa jina la kuondoka kwa hiari, nyumba nyingi za Katanga zilitoka kwenye gunia zikaingia kwenye meka, kile kipimo cha unga unachokiona sokoni. Basi nenda soko la Kenya, ukae karibu na mama mwenye meka yake. Mtazame anavyoujaza unga mpaka ufanye mlima, anavyomwachia mteja aupime kwa macho, anavyoongeza kiganja kimoja juu baada ya bei kukubaliwa. Halafu jiulize pakiti yako iliyofungwa kiwandani itampa mteja nini badala ya kile kiganja. Jibu lipo: uzito wa kweli, usiobadilika, ulioandikwa, na mzani kando ya rafu ambao mtu yeyote anaweza kuutumia bila kuomba ruhusa. Weka mzani huo. Weka na pakiti ndogo zisizomwadhibu maskini kwa bei ya kilo iliyo kubwa kuliko ya tajiri. Hilo peke yake litakuletea watu wa miguu kuliko mabango yote.

Sasa tuje kwenye hesabu. Mwaka 1964 Mmarekani David Huff alichapisha njia ya kukisia mteja atakwenda duka lipi: ukubwa wa duka humvuta, umbali humzuia. Itumie, ni njia nzuri. Ila umbali upime kwa vipimo vya hapa. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua hubadilisha barabara, na mtaa uliokuwa jirani yako Agosti unakuwa mbali Januari. Kwa anayepanda taksi-basi, umbali ni nauli, na nauli hiyo ataitoa kwenye pesa ileile ya unga. Kwa mwenye jeep, umbali ni malori ya shaba na ya mizigo. Pima safari moja mara mbili, kiangazi na masika, kabla hujaweka sahihi ya kupangisha kwa miaka mingi.

Halafu panua ramani. Mshindani wako mkubwa hayupo Lubumbashi. Yupo ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, ulio takriban kilomita 90 kutoka hapa, kwenye miji ya Chililabombwe, Chingola na Kitwe. Mnyororo wa Shoprite ulianza Zambia mwaka 1995, na wenye magari wa Lubumbashi wanazijua rafu za kule vizuri. Bidhaa ileile, kabla haijapita forodha na mikono yote ya mpakani, huwa na bei nyingine. Ukijenga Karavia ukajaza rafu zako biskuti na juisi zilezile za kule, umewajengea matajiri onyesho la vitu watakavyovinunua Kitwe. Tena mpaka ni mlango, na mlango hufungwa: Agosti 2024 Zambia iliufunga kwa siku chache baada ya Kongo kuzuia bia na vinywaji baridi kutoka nje. Duka linalokula kupitia Kasumbalesa peke yake litafunga mdomo siku hiyohiyo. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kodi ya jengo, uliza nani analima mboga kandokando ya mji, nani anafuga kuku, nani anavua samaki, na ni kiasi gani wanaweza kukuletea kila wiki bila kukosa.

Ukishawapata, walipe. Hapa ndipo minyororo mingi ilipokufa, na haikufa kwa kukosa viwanja vizuri. Nakumatt ya nchi ya Kenya, iliyoanzia duka la magodoro Nakuru, ilikuwa na maduka pale ambapo kila mtu angetamani kuwa; mwaka 2014 ikanunua hata maduka ya Shoprite ya Tanzania. Miaka michache baadaye wauzaji walikuwa hawalipwi, rafu zikabaki wazi, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ya kuizika. Mnyororo wa Tuskys ukafuata njia hiyohiyo ya madeni. Shoprite yenyewe ilifungua Nairobi mwishoni mwa 2018, na mwanzoni mwa 2021 ilikuwa imekwisha kuondoka. Huku kwetu ilifungua Kinshasa mwaka 2012, na kufikia 2022 ikawa inafunga virago. Soma vizuri orodha hiyo kabla ya kumlaumu mteja wa Kiafrika kwamba hajazoea supamaketi. Kwa Nakumatt na Tuskys mteja alikuja, akakuta rafu tupu, akarudi sokoni kwa mama ambaye nyanya zake zipo kila asubuhi.

Uchunguzi mwingine ufanye kwenye friji. Umeme wa SNEL hukatika, na kila mtu hapa anajua. Ingia kwenye duka lolote lenye samaki wa kugandishwa, chukua pakiti, igeuze. Ukiona barafu nene ya rangi ya damu imekaa chini, na samaki wameshikana wakawa pande moja, ujue waliyeyuka wakagandishwa tena. Mama wa Lubumbashi anajua kuigeuza pakiti hiyo kuliko mkaguzi wako. Kwa hiyo bei ya groupe (jenereta), ya mazutu (dizeli) yake na ya fundi wake iingie kwenye hesabu ya kiwanja tangu siku ya kwanza. Kama hesabu haibebi groupe, uza vitu vikavu kwa heshima, uache samaki.

Kuna mambo madogo ya mlangoni na ya kaunta ambayo kwangu mimi ni makubwa kuliko eneo lenyewe. Bei ziandikwe kwa franka, na kiwango cha dola cha siku hiyo kiwekwe wazi mlangoni. Chenji itolewe kwa pesa, sio kwa bonbon. Noti ya dola yenye mkunjo isikataliwe kwa mpishi ikapokelewa kwa bosi wake. Na mlinzi, kama hapekui mfuko wa aliyeshuka kwenye gari, asipekue mfuko wa aliyekuja kwa mguu. Mji huu, ulioanzishwa 1910, ulijengwa kwa kutenganisha: wazungu katikati, kisha eneo lililoachwa wazi, kisha cité, makazi ya weusi. Ramani ile bado inaonekana, na duka la Karavia linaweza kuwa ukuta mwingine au linaweza kuwa mahali ambapo bibi wa villa na mfanyakazi wake wanasimama foleni moja. Mimi nataka la pili, na nakuomba ulitake.

Kuhusu kuuza kwa intaneti, tulia kwanza. Kampuni ya Webvan huko Marekani ilijenga maghala ya mitambo ya kupeleka vyakula majumbani, ikaahidi kufika ndani ya nusu saa ya muda uliochaguliwa, na Julai 2001 ikafilisika. Ilijenga ghala kabla ya kupata wateja. Wewe usijenge hata programu ya simu. Lubumbashi tayari inaagiza: picha ya bidhaa inatumwa WhatsApp, pesa inakwenda kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, kijana wa pikipiki anaelekezwa kwa geti la bluu baada ya kanisa. Ingia kwenye njia hiyo iliyokwisha kupitika.

Karavia ni rahisi sana kwa kupeleka mizigo. Mlinzi yupo getini mchana kutwa, mtu wa kupokea hakosekani. Tatizo ni kwamba mwenye geti ana dereva, hivyo anayehitaji zaidi kuletewa ni mama wa Katuba au Ruashi anayepoteza nauli na nusu siku. Kapu lake ni dogo, halilipi pikipiki. Lakini hayuko peke yake: yumo kwenye likelemba, pamoja na akina mama wanaoaminiana kiasi cha kukabidhiana pesa kila mwezi. Waruhusu waagize kwa pamoja, unga kwa magunia, mafuta kwa madumu, katoni za samaki, mzigo ushushwe nyumba moja, wagawane wenyewe. Watarudi kwenye bei ya gunia ambayo meka iliwanyang'anya. Na mtoto wao aliyeko Brussels, badala ya kutuma pesa yote taslimu, aweze kulipia gunia la mama yake na kupata picha ya mama akilipokea. Kwangu, matumaini ya duka la mtandaoni mjini hapa yamekaa hapo, kwenye kundi na kwenye familia iliyotawanyika.

Lijaribu duka hilo la mtandaoni kwa masika mazima: namba moja ya WhatsApp, chumba kimoja chenye friji na groupe, pikipiki mbili, kitabu cha malalamiko kinachosomwa kila jioni. Kila nyanya iliyofika imepondeka irudishiwe pesa siku ileile. Mvua zikiisha, andika ripoti ya kurasa chache. Weka ndani yake ile safu ya miguu, gharama ya mazutu, idadi ya likelemba zilizoagiza mara ya pili, na pendekezo la duka la kwanza Karavia likiambatana na la pili Kenya au Katuba, yafunguliwe mwaka mmoja. Kwenye orodha ya wauzaji, anza na mama atakayekuletea lengalenga na matembele, na mbele ya jina lake andika siku ya malipo: siku ileile anayoleta.