Kasida ya Swali Tukufu

Fumo Liyongo alipata utenzi wake mwaka 1913, kwa kalamu ya Muhammad Kijumwa wa Lamu. Mnazi umesifiwa, jahazi limesifiwa, kanga zimesifiwa mpaka zikaanza kujisifu zenyewe. Lakini swali ninalolisoma kabla ya kuswaki na baada ya kuzima taa halijapata hata ubeti mmoja. Nalizungumzia swali la "Bei?", linapoandikwa chini ya picha ya kiatu ambacho bei yake imo kwenye picha hiyohiyo.

Mimi huuza viatu vya mtumba nikiwa sebuleni kwangu, Kimara. Alfajiri nakwenda Karume, Ilala, kuchagua. Nikirudi naosha kwa mswaki mkuukuu, naanika kivulini ili gundi isiachie, napiga picha juu ya shuka jeupe, naweka Instagram na kwenye stetasi ya WhatsApp. Chini naandika: raba nyeusi, namba 40, shilingi 35,000, nipo Kimara, mikoani natuma. Kabla maji ya chai hayajachemka, mgeni wangu mtukufu ameshafika. "Bei?" Nyuma yake wapambe: "Namba ngapi?" "Mpo wapi?" "Mikoani mnatuma?"

Sifa zake ndogondogo nizipitie haraka. Ni fupi. Halina ubaguzi, huulizwa na mkubwa na mdogo, tena bila shikamoo wala habari za asubuhi, jambo ambalo kwa Waswahili si dogo. Humpunguzia muulizaji kazi nzito ya kusoma mistari miwili. Na wajuzi wa mtandao wananiambia maoni yakiwa mengi picha husambaa zaidi, yaani hufikia watu wengi zaidi wa kuuliza bei.

Fadhila yake kuu ni uimara. Maswali ya kawaida yakijibiwa hufa, hili hunenepa. Nililijibu kwa maneno, likarudi. Nikaandika bei kwa rangi nyekundu katikati ya picha, kiatu chenyewe kikabaki kinachungulia pembeni. Likarudi na malalamiko kwamba bidhaa haionekani vizuri. Nikabandika karatasi yenye bei kwenye soli, mtu akataka kujua kama karatasi inabanduka. Nikarekodi video, nikaitamka bei kwa sauti ya msomaji wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Kaka mmoja akanijibu kwamba yuko kwenye daladala, hawezi kufungua sauti, nimwandikie tu. Nikamwandikia. "Hiyo ndiyo ya mwisho?"

Ndipo nikabuni dawa ya wenye akili. Viatu namba 38 nikavipangia shilingi 38,000, ili mteja ashike nambari moja tu kichwani. "38 ni bei au namba?" akauliza dada mmoja. Vyote viwili, mpendwa. Akanyamaza hadi jioni, halafu akarudi: "Na 39 ni bei gani?" Nililiheshimu sana swali lile. Kama bei imeanza kufuata mguu, basi ni haki mtu ajue mapema kidole gumba chake kitamgharimu kiasi gani, na kama mwenye nyayo ndogo anaweza kununuliwa kiatu na mwenye nyayo kubwa kwa mkopo. Wanavyuoni wa zamani wangekaa barazani mwezi mzima na suala hilo, kahawa ikaisha.

Niruhusuni nitoke nje ya kasida kidogo. Kiatu hicho nimekiosha! Nimetoa tope la Ulaya kwenye soli kwa ncha ya mswaki, umeme hakuna, mtoto analia, simu inakata chaji, na wewe 35,000 unaiona imesimama pale kama bango la barabarani, unaniuliza bei. Nikikujibu unaandika, "Sawa, nitakucheki." Utanicheki lini? Kuna wanaonicheki tangu kabla ya Kwaresima. Kuna mmoja alinicheki kwa kunitumia picha ya kiatu kilekile alichokinunua kwa mwingine, niseme kama ni orijino.

Turudi kwenye sifa.

Nimewachunguza waulizaji wangu. Ni walimu, wauguzi, wahasibu, kusoma wanajua vizuri kuliko mimi. Wanachojua zaidi ni kwamba kinachoandikwa sicho kinacholipwa, na hawakuzaliwa wakijua hivyo. Somo la kwanza walilipata kwa wafanyabiashara wenzangu wa "bei njoo inboksi", ambao hukagua picha yako kwanza. Ukionekana umeegemea gari, hata la jirani, ndala zinapanda. Somo la pili hutolewa na madalali wa nyumba. Unatajiwa kodi ya mwezi, unafurahi, kisha unagundua kuna mwezi mzima wa dalali mwenyewe, na hela ya kukuonyesha vyumba ambavyo hata popo angeviona vya giza. Desemba kuna somo la stendi. Nauli elekezi ya LATRA inajulikana, lakini Wachaga wanakwenda Moshi kula Krismasi, na mpiga debe anaanza kwa kulitazama begi lako.

Hata hela yenyewe iliwahi kupangiwa bei. Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu, shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, juu ya makato tuliyoyazoea. Wateja wangu wakawa wanatuma 35,000 kavu, bila ya kutolea, mimi nikiwaona wezi na wao wakiniona mwizi. Nchi nzima ikauliza kwa sauti moja hii bei imetoka wapi, na Septemba mwaka uleule tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Swali lina nguvu, basi. Sioni tu kwa nini likishamaliza kazi huko juu lije kupumzikia kwangu.

Haki itendeke, zipo bei ambazo zilieleweka mara moja. Desemba 2018 Rais Magufuli alipogawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, wale wenye mauzo yasiyofika milioni 4 kwa mwaka, ilisemwa hadharani ni 20,000. Ningetamani aliyeitangaza ile aje anisaidie na raba namba 40.

Maana kuna bei nyingine zinaeleweka kwa namna yake. Nilikwenda ofisi moja, ambayo jina lake nalihifadhi kwa sababu faili langu bado liko huko, kufuata barua ya utambulisho ili biashara yangu ya sebuleni iwe na karatasi. Ukutani palikuwa na tangazo: HUDUMA HII NI BURE. Herufi kubwa kuliko zote nilizowahi kuweka kwenye picha, nazo nyekundu. Kwenye foleni walikuwamo watu wazima, akina mama wenye vitenge kama wale wanaoniandikia usiku, na hakuna hata mmoja aliyeuliza bei. Kila mmoja alikunja noti ndani ya fomu, akaipitisha dirishani, akagongewa muhuri.

Zamu yangu ikafika. Karani alifungua fomu, akaitikisa kidogo, akanirudishia.

"Dada, haijakamilika hii."

"Kaka yangu, nimejaza kila mstari."

"Angalia vizuri."

Nikamwonyesha tangazo. Akageuka, akalisoma lote bila haraka.

"Hilo la mwaka jana," akasema.

"Kwa hiyo bei gani?"

Alinitazama kwa huruma, kama anayemwona mtu aliyechelewa kuanza shule. "Kwani dada unafanya shughuli gani?"

"Nauza viatu vya mtumba."

"Ahaa," akasema, akachukua muhuri. "Kesho niletee raba nyeusi, namba 42. Iwe nzima kisigino."