Msongo, Msongamano na Mwiko

Nilikwenda zahanati kumsindikiza mama mkwe, si kupimwa. Mama ana miaka 71, anaishi nasi Mbagala, na anapenda kupimwa presha kama wenzake wanavyopenda kwenda harusini. Nesi akamfunga mkanda mkononi, mashine ikavuma, ikatoa 118 kwa 76.

"Hongera bibi, presha ya msichana hii!"

Kisha akanigeukia. "Na wewe baba, hebu kaa hapo." Mashine ikavuma, ikatulia, ikavuma tena kana kwamba haikuamini ilichokiona. 152 kwa 96.

"Baba, una mawazo?"

Kwa Kiswahili, mtu kuwa na mawazo si sifa, ni maradhi. Mwanafalsafa ana mawazo, analipwa mshahara. Mimi nina mawazo, ninakatazwa chumvi. Nikajibu kwamba sina. Ningejibu nini, ilhali nusu ya mawazo yenyewe yalikuwa yamekaa benchi la nyuma yangu, yamejitanda kanga?

Nesi akasema kipimo kimoja hakitoshi kumwita mtu mgonjwa, nirudi baada ya wiki mbili. Hadi hapo nipunguze chumvi, nifanye mazoezi ya pumzi, nitembee nusu saa kila siku, na nipate mtu wa kuongea naye.

Nikaanza na pumzi, maana ni bure. Unavuta kwa hesabu ya nne, unaizuia kwa saba, unaitoa kwa nane. Jumatatu alfajiri nikabahatika kupata siti ya dirishani katika daladala ya Kariakoo, nikafumba macho, nikavuta. Moja, mbili, tatu, nne: papa mkavu. Mama niliyekaa naye alikuwa amepakata kapu zima. Nikajikaza, nikazuia. Nimefika hesabu ya tano, konda akachezesha sarafu sikioni mwangu.

"Nauli, mzee."

Nikainua vidole viwili, maana yake zimebaki hesabu mbili. Konda akaelewa kwamba nalipia watu wawili.

"Wa pili nani?"

Macho ya abiria wote yakamwangukia mama wa papa. "Mimi simjui huyu baba!" akamaka. Nikaitoa pumzi yote kwa mkupuo ili nijitetee, na sauti iliyonitoka haikuwa ya mtu mzima wa afya. "Anazimia! Mpepeeni!" Mmoja akanipepea kwa faili, mwingine akanimwagia chupa nzima ya maji. Nilishuka Kariakoo nimelowa, nimelipa nauli mbili, na mapigo ya moyo yanakwenda kama ngoma ya mdundiko.

Mambo haya ya msongo yana wataalamu wake. Mwaka 1936, huko Montreal nchini Kanada, mtafiti Hans Selye alieleza alichokiona kwa panya aliowasumbua kwa baridi, majeraha na kazi ya kupita kiasi. Mateso yalikuwa tofauti, lakini miili yao ilijibu kwa namna moja: tezi zilizo juu ya figo zilivimba, tumbo likatoka vidonda. Tezi hizo hizo ndizo zinazotumwagia adrenalini ili tupigane na simba au tumkimbie. Mwili wa binadamu ni wa kizamani. Hautofautishi simba na konda. Tena simba haombi nauli ya mtu wa pili.

Nikahamia kwenye matembezi. Hapa niseme jambo ambalo nesi hakulijua: mtaani kwetu mtu hatembei, mtu huenda. Jioni ya kwanza wazee wa bao waliniuliza, "Wapi tena, baba?" Nikawajibu, "Natembea tu." Kete zikasimama hewani. Jioni ya pili fundi cherehani akanipa pole ya kuachishwa kazi. Ya tatu, mwenye duka akanifuata mpaka njiani.

"Jirani, nakuona unapita unaangalia pembeni. Usione haya. Deni lenyewe ni shilingi 14,500 tu."

Lilikuwa deni la mchele na sabuni, nami nilikuwa nimelisahau kabisa. Nikalilipa. Nilipofika nyumbani, mama watoto akaniuliza, kwa ule upole wake unaotisha, hiyo nyumba ninayoitembelea kila jioni iko mtaa gani.

Likabaki la kuongea na mtu. Hilo lilijileta lenyewe, usiku luku ilipokata. Nikanunua umeme wa shilingi 10,000 kwa simu, nikabonyeza zile tarakimu 20 gizani huku binti yangu akinisomea. Mita ikakataa. Tukarudia. Ikakataa. Ndipo nikakumbuka kwamba mwezi uliopita nilimnunulia jirani umeme akiwa safarini, na simu yangu ikaihifadhi namba ya mita yake. Nikaenda kwenye ukuta, nikamwita, nikamsomea tarakimu zake.

"Ya kumi na mbili umesema sita au saba?"

"Saba, jirani."

Nyumba yake ikawaka. "Mungu akubariki!" akasema. "Hela yako kesho." Agizo la nesi nikawa nimelitimiza: nimeongea na mtu, tarakimu ishirini, mara mbili, gizani.

Usiku huo mama watoto alikuwa amekwama kwenye foleni ya barabara ya Kilwa. Watoto wana njaa. Mama mkwe akawasha jiko la mkaa, akabandika maji, kisha akashika bega lake.

"Mwanangu, bega linaniuma. Njoo usonge."

Nikaushika mwiko, nikaanza kuuadhibu unga. Mabonge yakatokea, sufuria ikataka kuruka jikoni.

"Usipigane nao," akasema. "Bana pembeni, geuza. Bana, geuza."

Nikabana, nikageuza. Humo nikambana konda na vidole vyangu viwili, nikawageuza wazee wa bao na kete zao, na umeme unaomulika kwa jirani. Ndipo nikayasikia maneno ya Kiswahili kama ndugu wa tumbo moja. Msongo wa mawazo, msongamano wa magari, kusonga ugali: yote ni kubanwa. Tofauti ni nani kashika mwiko. Jasho lilinitoka, na kwa mara ya kwanza wiki ile nilikuwa napumua bila kuhesabu.

Ugali ulikuwa na mabonge matatu. Mama aliyala yote, akasema yamekaa kama viazi.

Wiki mbili zilipotimia tukarudi zahanati. Mama, 116 kwa 74. Nesi akastaajabu, akamuuliza huku akinifunga mkanda mimi: "Bibi, wewe huna mawazo kabisa?"

"Ninayo, mjukuu wangu, tena mengi," akajibu, akijifunga kanga vizuri. "Ila nikienda kulala namwachia huyu."

Nikapasuka kwa kicheko. Mashine ikavuma, ikasita, ikaandika kosa.

"Baba, tulia," akasema nesi. "Ukicheka haipimi."