Fundi wa Mawe ya Redio

Sisi wa pande za Ngara na Biharamulo tuliujua umeme kwanza katika udogo wake, na asili ya balaa nitakayoisimulia ni hiyo. Kabla ya gridi ya Taifa kutufikia, wakati ambapo miji yetu ya wilaya iliangazwa na majenereta ya dizeli ambayo ngurumo zake zilifika mbali kuliko nuru yake, huku vijijini umeme ulikuwa bidhaa ya kununuliwa dukani na kutiwa mfukoni: jiwe la redio, volti moja na nusu, ambalo hata likiishiwa nguvu halikutupwa, bali lilianikwa juani pamoja na mihogo, jioni likarejeshwa kazini, likatusomea habari za Radio Kwizera mpaka katikati ya taarifa, kisha likakata roho pale pale ambapo mtangazaji alikuwa anakaribia kutaja jambo lenyewe.

Madrasa kubwa ya elimu hii ilikuwa Lukole. Kambi ile, iliyowahifadhi ndugu zetu wa Burundi tangu miaka ya 1990 hata ilipofungwa mwaka 2008, ilikuwa na watu wengi kuliko mji wowote wa karibu, na penye watu wengi hapakosi soko, na penye soko hapakosi fundi redio. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, wakati huo kijana mwenye mikungu ya ndizi ya kuuza, alikuwa akienda huko asubuhi na kurudi magharibi, na ndizi aghalabu zilikuwa zimekwisha saa nne; saa zilizobaki alizitumia kusimama nyuma ya mafundi, mikono mgongoni, akitazama. Alijifunza kupasua mwanzi, kupanga ndani yake mawe yaliyochoka, kichwa cha hili kikigusa mkia wa lile, na kuyafunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, hata wafu wanane wakaweza kufanya kazi ya wazima wanne. Aliondoka Lukole na akida moja ambayo hakuna aliyeweza kuing'oa moyoni mwake: kwamba ukiunga vitu kwa mfuatano, kichwa kwa mkia, nguvu huzidi.

Nataka nimtendee haki. Kwa mawe ya redio akida hiyo ni sahihi, na hata alipopanda daraja akapata paneli ya sola na betri ya gari, hakudhuru mtu. Alikuwa akizipima nyaya kwa ulimi, akifumba macho kama muonja asali, na kutoa hukumu: hii ina moto, hii haina. Volti 12 ni watani, humtekenya mtu na kumwacha.

Kisha yakaja mambo makubwa. Mto Kagera, ambao tangu kuumbwa kwa ulimwengu umekuwa ukiporomoka pale Rusumo bila kutuwashia hata taa moja, ukawekewa mitambo ya megawati 80 igawanywe baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Nguzo za Wakala wa Nishati Vijijini zikasimama kandokando ya migomba. Na kwa shilingi 27,000 mwananchi wa kijijini akaunganishiwa umeme. Nyumba ya shemeji, kwa kuwa ni ndogo na haikuwa imetandazwa nyaya, ilipewa kile kibao kiitwacho UMETA, yaani Umeme Tayari, chenye swichi, soketi na kikata umeme chake. Kibao kile kilifanya kazi vizuri tangu siku ya kwanza, na hapana shaka kingeendelea hivyo, laiti mwenye nyumba angekubali kwamba kazi imekwisha.

Hakukubali. Alileta kutoka mnadani waya, holda na balbu tatu za mtindo wa kale, zile za uzi wa ndani unaowaka kwa joto, akatangaza kwamba atapeleka mwanga sebuleni, chumbani na jikoni kwa mkono wake. Dada yangu aliposikia hakupinga. Alitoa sharti moja tu.

"Baba watoto, unga utakavyo, lakini usipime kwa ulimi. Ulimi huo ndio uliomlainisha baba akakubali kunitoa, na mimi bado nauhitaji."

Jioni ya uzinduzi tulialikwa majirani na jamaa, pombe ya ndizi ikatengwa, na shemeji, baada ya hotuba iliyoanzia enzi za koroboi, akabonyeza swichi. Balbu zote tatu ziliwaka, ikiwa kule kuonyesha wekundu hafifu wa uzi kunastahili kuitwa kuwaka. Alikuwa ameziunga kwa mfuatano. Mawe yakipangwa hivyo hujumlisha nguvu zao, ila balbu hugawana volti zilizopo. Volti 230 za serikali zikakatwa mafungu matatu, kila balbu ikaambulia chini ya 80, nasi tukawa tunatafuta bilauri zetu kwa kupapasa.

"Umeme huu umechakachuliwa njiani," alisema shemeji, na kwa kuwa dawa aliijua tangu Lukole, akaongeza balbu ya nne ili kuutia nguvu. Mzee mmoja aliomba tochi.

Siku zilizofuata aliifanyia akida yake marekebisho bila kuiacha. Safari hii aliona kosa lilikuwa kutokutanisha kichwa na mkia kwa uaminifu wa kutosha, basi akaukunja waya mwekundu juu ya mweusi, moja kwa moja, pasipo balbu katikati. Kikata umeme kikaanguka kwa mlio mmoja mkavu. Akakipandisha, kikaanguka, akakipandisha tena, kikaanguka tena, akakiita askari mwoga, na hatimaye akakifunga kwa kamba ya katani kisiweze kushuka. Wale waliokibuni, Mungu awazidishie, walikwisha kuwafikiria watu wa namna yake: hata ukikishika mkono kisishuke, ndani kwa ndani kinakata. Kwa hiyo kamba ilikaza, mkono wa kikata umeme ukabaki umesimama kwa utiifu, na nyumba ikawa giza.

Kuhusu waya wa ardhi sitarefusha. Udongo wa kwetu una mawe, na kuchimbia fimbo ya shaba ni kazi ya jasho. Shemeji aliichomeka fimbo hiyo katika kopo la maua lililokuwa barazani, akisema ardhi ni ardhi, iwe ya shamba au ya kopo.

Siku alipokwenda mnadani, dada aliita fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati. Mtu yule aliingia, akatazama dari, akatazama kamba ya katani, akatazama ua lenye fimbo, akavua kofia na kuuliza nyumba ina watu wangapi, na kama wote wapo. Alizigawa balbu kila moja na njia yake, akaipigilia fimbo ardhini kweli, akaihamisha swichi ya jikoni iliyokuwa inakata waya mweusi na kuuacha mwekundu ukisubiri kidole cha mpishi ndani ya holda. Nyumba ikang'aa. Shemeji aliporudi alikagua kila chumba, akatamka mbele yetu kwamba kijana amejitahidi kuifuata ramani yake.

Nawe msomaji, iwapo utapita Ngara na shemeji akakukaribisha kwa ukarimu wake usio na kifani, kula, kunywa, lala. Ila swichi ya stoo usiiguse, kwa sababu fundi alipofika hapo mlango ulikuwa umefungwa na ufunguo umekwenda mnadani.